Sumaku haisemi ndiyo wala hapana

"Mzee, umewahi kufanya kazi ya kuchomelea?"

Kijana wa chumba cha MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, aliuliza bila kuinua macho kwenye fomu yake. Alikuwa ameshapita maswali ya betri ya moyo, vyuma vya mifupa na risasi mwilini. Mjomba wangu, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi kwa njaa na foleni, akachangamka ghafla. Kuchomelea? Nusu ya mageti ya Ngamiani, kwetu Tanga, kayachomelea yeye. Akaanza kuyataja moja moja, la barabara ya nne, la barabara ya tisa, lile kubwa la barabara ya kumi na mbili lenye maua.

Kijana akaweka kalamu chini.

"Basi tuanze na eksirei ya macho."

"Macho? Mimi naumwa paja, mwanangu."

Ikabidi aelezwe. Fundi aliyeishi na grinda miaka mingi anaweza kuwa na kipande cha chuma ndani ya jicho, kidogo kuliko punje ya mchanga, na asijue maisha yake yote. Akiingia kwenye sumaku ile, kipande kinaweza kusogea na kulijeruhi jicho kwa ndani. Mjomba akanyamaza. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia, na macho yakaonekana safi. Akavuliwa saa, mkanda na pete, akavishwa gauni la hospitali lililomfika magotini, akapewa kampira kadogo ka kubonyeza endapo atazidiwa, akaingizwa.

Mimi nikabaki kwenye benchi nikisikiliza ile kelele kupitia ukuta. Wiki kadhaa zimepita sasa. Kelele nimeisahau. Ninachoshindwa kukisahau ni ripoti.

"Hauwezi kutofautishwa"

Uvimbe wenyewe ulikuwa nyuma ya paja la kushoto. Hauumi. Mjomba aliuita nundu na alikuwa na maelezo yake: kukalia stuli ya chuma. Aliyeshtuka wa kwanza ni fundi cherehani, alipompima suruali ya Idi na kukuta paja moja limelizidi jingine kwa kiasi ambacho futi haiwezi kukificha.

Ripoti ilisema hivi, nikiiweka kwa lugha yetu: uvimbe wa mafuta ulio ndani ya msuli, urefu wake sentimita 13, wenye kuta nene ndani yake na sehemu ndogo zisizo za mafuta. Halafu ikaja sentensi ya mwisho. Hauwezi kutofautishwa kwa uhakika na sarkoma (saratani ya tishu laini kama misuli na mafuta) ya daraja la chini, kipande cha nyama kichukuliwe kipimwe.

Hauwezi kutofautishwa!

Tumetoka Tanga usiku kuja Dar, tumelipa laki kadhaa, mzee kakaa ndani ya bomba karibu saa nzima bila kujikuna, na mashine ya gharama ile inasema haijui. Nilikasirika, na hasira yangu niliiona ya haki. Mjomba aliponiuliza, "Sasa ni saratani au siyo, mama?", nilimwambia majibu bado hayajakamilika, ambalo lilikuwa jibu la kweli lakini halikutusaidia sote wawili.

Nikaanza kusoma. Na nilichokikuta kwanza ni kwamba hasira yangu ina umri wa zaidi ya miaka 50.

Panya wa Brooklyn

Mwaka 1971 daktari mmoja wa Marekani, Raymond Damadian, aliyekuwa akifanya kazi Brooklyn, alichapisha makala fupi kwenye jarida la *Science*. Alichukua vipande vya uvimbe wa saratani kutoka kwa panya, mmojawapo ukiwa sarkoma, akaviweka kwenye kifaa cha mwangwi wa sumaku ambacho wakati ule wanakemia walikitumia kuchunguza vimiminika. Akalinganisha na nyama nzima, yaani isiyo na ugonjwa, ya panya. Nyama yenye saratani ilichukua muda mrefu zaidi kutulia baada ya kupigwa wimbi la redio.

Hapa inabidi nieleze kidogo, nivumilie. Mwili wetu umejaa maji na mafuta, na vyote viwili vimejaa haidrojeni. Kiini cha haidrojeni ni protoni moja yenye usumaku wake mdogo. Ikiwa ndani ya sumaku kubwa, protoni huyumba kwa kasi maalumu, mara milioni 42.58 kwa sekunde kwa kila tesla moja, kipimo cha nguvu ya sumaku. Mashine ya mjomba ilikuwa ya tesla 1.5, kwa hiyo protoni za paja lake zilikuwa zikiyumba karibu mara milioni 64 kwa sekunde, chini ya pale redio zetu za FM zinapoanzia. (Ndiyo maana kuta za chumba kile huvishwa shaba: mawimbi ya nje yasiingie kuvuruga.) Mashine inatuma wimbi la kasi ileile, protoni zinapokea nguvu, wimbi linakatwa, na zinaanza kurudi zilikokuwa huku zikitoa mawimbi hafifu. Muda zinaotumia kutulia ndio kila kitu. Protoni za mafuta hutulia upesi. Za maji yaliyo huru huchelewa.

Uvimbe wa saratani mara nyingi una maji mengi kuliko nyama nzima. Basi Damadian akaona njia: pima muda, ujue saratani ilipo, bila kisu. Alitaka mashine itakayosema ndiyo au hapana.

Yaani alitaka nilichokitaka mimi pale kwenye benchi.

Haikwenda hivyo. Walipoendelea kupima, namba zikaanza kuingiliana. Jipu nalo lina maji mengi. Damu iliyovilia nayo. Msuli uliovimba kwa kugongwa nao. Uvimbe usio na madhara unaweza kutoa namba za saratani, na saratani ikatoa namba za mwili mzima.

Aliyeokoa jahazi alikuja na wazo la aina nyingine. Paul Lauterbur, naye wa huko New York, alichapisha mwaka 1973 picha ya mirija miwili midogo ya maji. Hakuuliza kama maji yale ni mgonjwa. Alionyesha tu kwamba ukiifanya sumaku iwe na nguvu tofauti kidogo kutoka upande mmoja hadi mwingine, unaweza kujua kila wimbi limetoka wapi, na hivyo ukachora. Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, akaongeza hesabu na kasi. Damadian naye hakukata tamaa: Julai 1977 alipata picha ya kifua cha binadamu kwa mashine aliyoijenga na wasaidizi wake, baada ya karibu saa tano. Alianza kwa kuingia yeye mwenyewe, mashine haikutoa kitu, ikaonekana yeye ni mnene mno kwa koili ile, yaani waya unaozungushwa mwilini kunasa mawimbi, akaingizwa msaidizi wake mwembamba, Larry Minkoff.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 2003 ilikwenda kwa Lauterbur na Mansfield. Damadian akalipia kurasa nzima za magazeti kulalamika.

Nimelirudia sakata hilo mara nyingi kichwani. Upande wa tuzo nawaachia wenyewe. Kinachonigusa ni kwamba mashine hii ilitungwa na mtu aliyetaka itaje ugonjwa, ikakua ikawa kazi ya kuchora ramani. Mimi nilimlipia mjomba ramani, nikaidai hukumu.

Picha tatu kwenye kioo

Daktari wa radiolojia alikubali kunionyesha. Nilitegemea dakika mbili za heshima. Alinipa nafasi ya kukaa.

Aliweka picha tatu za paja lile lile, mkato ule ule, bega kwa bega. Ya kwanza ni ile inayoyang'arisha mafuta: sehemu ya chini ya ngozi ilikuwa nyeupe, msuli wa kijivu, na ndani ya msuli kulikuwa na kitu cheupe kama mafuta ya chini ya ngozi. "Mpaka hapa ningesema lipoma, tukanywe chai," akasema. Lipoma ni uvimbe wa mafuta usio na madhara. Ya pili inang'arisha maji. Ya tatu ndiyo iliyombana: pale mashine inaambiwa ifute mawimbi yote ya mafuta. Mafuta ya chini ya ngozi yakawa meusi. Uvimbe nao ukawa mweusi. Isipokuwa nyuzi.

Alizifuata kwa ncha ya kalamu. Kuta nyembamba ndani ya lipoma ni jambo la kawaida. Hizi baadhi zilizidi milimita 2 kwa unene, na kwenye pembe moja ya chini, karibu na mfupa, palikuwa na kifundo kidogo kilichobaki cheupe wakati kila kitu kimezimika. Hayakuwa mafuta. Ni nini? Inaweza kuwa mafuta yaliyokufa na kuacha kovu. Inaweza kuwa mahali ambapo uvimbe umeanza kubadilika tabia.

"Picha haina njia ya kunijibu hilo," akasema. "Lakini imeniambia sindano iende wapi."

Sikuielewa sentensi hiyo papo hapo. Niliielewa jioni, na ndipo hasira ilipoanza kuniisha.

Fikiria uvimbe wa sentimita 13 ambao karibu wote ni mafuta ya kawaida. Daktari akichoma sindano popote bila picha, atatoa mafuta ya kawaida. Maabara itasema mafuta ya kawaida, na haitakuwa imekosea. Mzee atarudi nyumbani akiwa na furaha na kile kifundo. Ile sehemu ndogo nyeupe ndiyo iliyotakiwa kufikiwa, na bila sumaku hakuna aliyejua kwamba ipo.

Kovu la mkingamo

Kuna kijana mtaani kwetu, simtaji, aliyekuwa na uvimbe karibu na goti. Mdogo, wa mviringo, unateleza kidoleni, umekaa muda mrefu bila kukua sana. Alikwenda kwenye kituo kimoja cha afya, wakamwambia ni kifuko cha maji, wakamkata siku hiyo hiyo. Kovu lake nimeliona: limekatiza mguu kwa upana, kutoka kushoto kwenda kulia, refu kama kidole.

Ilikuwa sarkoma ya sinovia. Ni ugonjwa wa vijana hasa, hupenda kukaa karibu na viungo vya miguu, na una hulka ya kujifanya mpole. Unakua taratibu, kingo zake zinaweza kuwa laini, na kwenye picha isiyo kamili unaweza kudhaniwa kifuko cha maji kweli.

Nilipokuwa nikisoma habari za mjomba nikajua kwa nini madaktari wa rufaa walikunja uso walipoliona kovu lile. Kila mahali kisu kilipopita panahesabiwa kuwa pameguswa na saratani. Atakayekuja kufanya upasuaji wa kweli lazima aondoe njia yote hiyo pamoja na mabaki ya uvimbe. Mkato unaofuata urefu wa mguu unaweza kuingizwa ndani ya upasuaji wa pili. Uliokatiza kwa upana unalazimisha nyama nyingi mno iondoke, na wakati mwingine mguu wenyewe unakuwa mezani.

Yule daktari wa kituo cha afya, namlaumu? Nimejaribu, nikashindwa. Uvimbe wa tishu laini usio na madhara ni mwingi kuliko wenye saratani kwa karibu mia kwa mmoja. Anayekata kila uvimbe bila picha atakuwa sahihi karibu kila siku ya kazi yake. Hakuna kitu kinachomfundisha vibaya daktari kama kuwa sahihi kila siku.

Ndipo nikaona kilichokuwa kikinisumbua. Mpangilio wenyewe si siri: picha kwanza, kisha sindano, kisha kisu. Picha inatangulia kwa sababu sindano huacha damu na uvimbe mpya ambao utaichafua picha. Sindano inatangulia kisu kwa sababu jina la ugonjwa ndilo linalopanga ukubwa wa mkato. Na hata sindano lazima ipite kwenye mstari ambao mpasuaji atauondoa baadaye, kwa hiyo wakae meza moja kabla ya kuchoma.

Lakini kwetu umbali umepangwa kinyume. Kisu kiko hatua chache kutoka nyumbani. Sindano na mtu wa kuisoma wako mkoani, pengine. Sumaku iko mbali kuliko vyote na ni ghali kuliko vyote. Mtu anaanza na kilicho karibu. Nani asingeanza?

Vinavyofanana na visivyofanana

Nisije nikaonekana naitetea mashine kupita kiasi. Zipo mbinu zake za kudanganya.

Iko sarkoma moja ya mafuta, ile yenye utelezi ndani, inayopenda sana paja. Jina lina mafuta lakini kwenye picha mafuta huonekana kidogo sana au hayaonekani kabisa. Kwenye picha ya maji inang'aa kama kifuko cha maji. Kinachoitoa mafichoni ni dawa ya gadolini inayochomwa kwenye mshipa: kifuko halisi huwaka ukingoni tu, uvimbe huwaka ndani. Dawa hiyo nayo inaongeza bei, na mwenye figo mbovu inabidi afikiriwe mara mbili. Kwa hiyo kuna watu wanapigwa picha bila dawa ili kupunguza gharama, na kwa uvimbe wa namna hii ni hapo hapo unapopotea.

Damu iliyovilia ndani ya msuli ni mtego mwingine. Mgonjwa anasema aligongwa, kila mtu anaridhika, kumbe nyuma ya damu kuna uvimbe uliovuja. Daktari yule aliniambia anaposikia "aligongwa" huwa anauliza tarehe, na kama uvimbe unazidi kukua wakati ulitakiwa kuisha, anaanza upya.

Na upo upande wa pili ambao kwetu watu wa ukanda wa joto ni muhimu sana: vitu vinavyofanana na saratani na siyo. Jipu la ndani ya msuli, kwa mfano. Au maisetoma, ule ugonjwa wa fangasi au bakteria unaoingia kwa mwiba au jeraha la mguu na kuvimbisha unyayo kwa miaka. Sudan walikuwa na kituo kizima cha utafiti wake pale Khartoum kabla ya vita iliyoanza mwaka 2023, na Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2016. Hapo MRI inafanya kitu kizuri ajabu: inaonyesha viduara vyeupe vyenye ukingo mweusi, na katikati ya kila kimoja nukta nyeusi. Nukta ile ni chembe ya kijidudu chenyewe. Msomaji wa picha akiiona anajua, kwa uhakika ambao kwa paja la mjomba hakuupata.

Kwa hiyo siyo kwamba sumaku haitaji majina kamwe. Lipoma safi inaitaja. Maisetoma inaitaja. Inanyamaza pale penye utata wa kweli, na nimeanza kuuheshimu ukimya huo kuliko ripoti za kujiamini nilizowahi kuziona.

Matokeo

Wakachoma sindano kwa kuongozwa na ultrasaundi, picha za MRI zikiwa wazi pembeni, kwenye kile kifundo cha chini. Mjomba alilalamikia ganzi tu. Daktari wa patholojia, anayesoma vipande vya mwili kwa darubini, aliona seli zilizomtia shaka lakini akataka kipimo cha jeni iitwayo MDM2, kwa sababu katika sarkoma ya mafuta ya daraja la chini nakala zake huzidi, na katika lipoma ya kawaida hazizidi. Pale hakikuwepo. Vipande vikasafirishwa, tukasubiri, mjomba akarudi Tanga kuchomelea.

Majibu: uvimbe wa mafuta usio wa kawaida, ule wa daraja la chini. Hausambai mwilini ukiwa katika hali hiyo, ila hupenda kurudi palepale, na mara chache hugeuka mkali. Ukatolewa mzima, mpasuaji akitumia picha zilezile kujua mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka nyuma ya paja umesukumwa upande gani. Mjomba anatembea. Mguu unachoka jioni.

Kabla sumaku haijafika

Mwaka 2022, pale Mbarara, Uganda, wahandisi wa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia wakishirikiana na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliunganisha mashine ndogo ya MRI kwa vipande, hapo hapo chuoni. Hakuna heli ya kupoza, hakuna sumaku ya mamilioni ya dola. Ni sumaku ndogondogo za kudumu zilizopangwa kwa duara. Nguvu yake haifiki hata sehemu ya kumi ya tesla moja. Imelengwa watoto wenye maji kichwani, na kwa kazi hiyo picha isiyo kali inatosha. Kwa ukuta wa milimita 2 ndani ya paja la fundi, sidhani kama tumefika huko. Lakini niliisoma habari ile kwa hamu ambayo sikuitarajia.

Kwa sasa nilichonacho ni kidogo. Uvimbe unaozidi sentimita 5, au ulio chini ya utando wa msuli, au unaokua, au unaorudi baada ya kukatwa, usiguswe na kisu wala kufyonzwa kabla ya picha. Ukimwambia mgonjwa akaze msuli na uvimbe ukaacha kuteleza, huenda uko ndani. Ultrasaundi, ambayo hospitali nyingi za wilaya wanayo, inatosha kupima ukubwa na kina.

Nilimtumia binamu yangu hayo yote kwa WhatsApp. Yeye ni tabibu kwenye zahanati moja huko Handeni. Akasoma, akajibu baada ya muda mrefu: "Sawa dada. Na asiye na nauli ya Dar je?"

Nikamwambia aandike kwenye barua ya rufaa sentimita, kina, na mwezi uvimbe ulipoonekana, kisha apige simu hospitali ya mkoa kabla mgonjwa hajapanda gari, asije akazungushwa bure. Akasema hayo anaweza. La nauli bado tunabishana.